Kabla ya kulaumu mbolea, tazama umri wa mibuni

Muulize mkulima wa Rombo au Kibosho, mkoani Kilimanjaro, kwa nini kahawa imepungua, atakutajia bei ya mbolea na dawa. Ni kweli, ni ghali. Lakini katika kazi yangu ya ugani nimewaona majirani wenye vihamba (mashamba ya nyumbani) vinavyolingana, udongo uleule na mbolea ileile, mmoja akivuna karibu mara mbili ya mwenzake. Pengo hilo ndilo tunalolipima tunapozungumzia ufanisi: shamba limetoa kiasi gani, na lingeweza kutoa kiasi gani kwa rasilimali zilezile?

Kwa maoni yangu, chanzo kikubwa ni umri wa mibuni, yaani miti ya kahawa, na upogoaji, yaani kukata matawi na mashina yaliyochoka. Kahawa ya arabika huzaa zaidi kwenye sehemu za matawi zilizokua msimu uliotangulia. Mbuni uliopandwa na babu na haujawahi kukatwa shina huwa na matawi matupu chini na majani machache kileleni. Ukiuwekea mbolea, sehemu kubwa inaishia kwenye maotea, yale machipukizi yasiyotakiwa. Yasipoondolewa, mbuni unasongamana, unyevu unakaa, na ugonjwa wa kutu ya majani unasambaa kwa urahisi. Mkulima ananunua dawa ya kutibu tatizo ambalo mkasi na msumeno vingelipunguza.

Kwa nini basi hawakati? Si ujinga, na inaniuma wataalamu wanaposema hivyo. Mbuni uliokatwa kisiki hukaa kama miaka miwili bila mavuno ya maana. Familia yenye mtoto sekondari haiwezi kufunga mlango wake wa fedha muda wote huo. Nashauri kukata robo ya shamba kila mwaka, na kwenye kila kisiki kubakiza machipukizi 2 au 3 yenye afya. Hata chotara za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, kutoka Lyamungu, zinazostahimili chulebuni (ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa) na kutu, hazikwepi hesabu hiyo, kwa kuwa mche nao unataka miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri. Kwa hiyo mkopo wa kahawa unaodai marejesho ndani ya msimu mmoja haumsaidii anayetaka kufufua shamba.

Majira ya fedha nayo yana shida yake. Kahawa huvunwa kuanzia katikati ya mwaka, malipo hupitia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na mnada, kisha Januari mahitaji ya shule yanayachukua. Masika yanapoanza Machi, wakati hasa wa kuweka mbolea, nyumbani hamna kitu. Wanaotenga fedha za mbolea mapema, au AMCOS yao ikiwakata kidogo kidogo kwa makubaliano, huonekana shambani kwa rangi ya majani.

Na kazi ni ya nani? Vijana wako mjini. Kaya nyingi, mama ndiye anayepalilia na kuchuma, huku jina lililo kwenye daftari la AMCOS ni la baba, na baba ndiye anayeitwa kwenye mafunzo. Nikiitisha darasa la upogoaji baada ya mavuno, naomba waje wote wawili, na tunafundishana kwenye mibuni yenyewe, mama akiwa ameshika mkasi.