Makaa Chini ya Jivu

Mama anayechoma mahindi karibu na steji yetu pale Ngara hapimi moto kwa macho. Jioni, jivu likishatanda hadi jiko lote likawa jeupe, yeye hupitisha mgongo wa mkono juu yake, anasita upande mmoja, kisha anasogeza hindi papo hapo. Siku moja nikamwambia, mbona huko kumezima? "Mwalimu, weka mkono," akanijibu. Niliutoa mbio.

Kazi yangu ni kutafuta galaksi zinazofanana na jiko lile.

Nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya gesi yenye vumbi. Usifikirie lile vumbi la Februari linalokwaruza meno. Chembe hizi ni za kaboni na silikati, nyingi hazifikii hata mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo ni moshi zaidi kuliko vumbi. Zinatokana na nyota zenyewe: zinazozeeka huzipuliza, supanova, yaani nyota zinazolipuka, huzitapanya. Sasa nyota changa zilizo kubwa hung'aa zaidi kwa mwanga wa buluu na urujuanimno, ule uliopita zambarau na usioonekana kwa macho, na huo ndio chembe hizo huumeza kwa ulafi. Piga picha ya galaksi ya aina hiyo kwa darubini ya kawaida, utaambulia doa hafifu jekundu au usione kitu.

Lakini mwanga uliomezwa haupotei. Chembe hupata joto kidogo, zikafika nyuzi 240 hivi chini ya sifuri, na joto hilo hutoka kama infraredi ya mawimbi marefu, mwanga mwingine usioonekana kwa macho. Ndiyo maana neno "kuficha", tunalolitumia sisi sote, hunikera. Vumbi ni kama duka la kubadilishia fedha: unaingia na dola, unatoka na shilingi. Ukijumlisha mwanga wote wa nyota tangu zilipoanza kuwaka, karibu nusu yake inatufikia kwa shilingi hizo.

Kisa ninachokipenda kilianza Desemba 1995, darubini ya angani ya Hubble ilipokazia macho kipande kidogo cha anga kwenye kundinyota la Dubu Mkubwa kwa siku 10, ikapata galaksi 3,000 hivi. Mwaka 1998 watafiti wakakitazama kipande hichohicho kwa darubini ya James Clerk Maxwell iliyoko Hawaii, kwa mawimbi ya mikroni 850. Wakapata madoa matano tu. Lililong'aa kuliko yote likaitwa HDF 850.1, na Hubble haikuwa na galaksi ya kulielezea. Tena dishi ya mita 15 kwa mawimbi hayo huona kiukungu-ukungu: ni kama kunusa nyama choma ukiwa Kenyatta Market bila kujua inatoka kibanda kipi. Ubishi ukaendelea miaka 14. Mwaka 2012 ndipo umbali ulipojulikana: mwanga wake umesafiri miaka bilioni 12.5 hivi. Galaksi hiyo ilikuwa ikizaa nyota ambazo kwa jumla zina uzito wa mamia ya majua kila mwaka. Njia Nyeupe yetu huzaa za jua moja au mawili.

Wanafunzi huuliza, kitu cha mbali hivyo kilionekanaje? Si kila kinachokwenda mbali hufifia? Hufifia, ila ulimwengu unatanuka na kuyarefusha mawimbi njiani. Kwa hiyo kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo yale ya mikroni 850 tunayopokea yalivyoanza safari yakiwa mafupi zaidi, karibu na pale vumbi linapong'aa kwa nguvu zake zote. Unachopoteza kwa umbali unarudishiwa hapo, na galaksi mbili, moja mbali sana kuliko nyingine, huonekana karibu sawa. Nilipofundishwa hili nilidhani mhadhiri amekosea ubaoni.

Mawimbi ya redio nayo hupenya vumbi, na hayo hatuhitaji kuyafuata Hawaii. Antena 64 za MeerKAT, darubini ya redio, ziko Afrika Kusini, data yake tunaipata kwa intaneti. Juzi mwanafunzi wangu alinifungulia picha mbili za sehemu moja ya anga. Ya redio ilikuwa na doa zito katikati. Ya mwanga wa kawaida, weusi mtupu.

"Hapa hakuna kitu, mwalimu."

Nikamwambia aweke mkono.