Je, wajua DNA hutumikaje kuamua kama kobe ni wa spishi moja au mbili?

Hapa Nairobi DNA tumeizoea kwenye kesi za malezi na urithi: majibu yakitoka, mtoto ni wa fulani au si wake. Kwa kobe, majibu hayanyooki hivyo.

Chukua kobe wa madoa kama ya chui, ambaye ukiingia Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi wakati wa mvua waweza kumkuta akivuka barabara. Kwa miaka mingi aliwekwa kwenye nususpishi (tawi ndani ya spishi moja) tofauti na nduguye wa Afrika Kusini, kwa kutazama umbo na ukubwa. Utafiti wa DNA wa mwaka 2010 ukaonyesha mgawanyo ule hauna mashiko.

Galápagos, visiwa vya Ecuador, ikawa kinyume. Kisiwani Santa Cruz kobe wakubwa wa magharibi na wa mashariki, waliotengana kilomita 20 hivi, waliitwa jina moja. Watafiti wakawatoa damu kidogo, wakasoma DNA yao. Herufi zake ni nne tu: A, T, G na C. Unapanga safu ya herufi za kobe mmoja juu ya safu ya mwingine, kisha unatafuta palipobadilika: huyu ana A, yule ana G.

Lakini safu ipi? DNA ya mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vinavyozalisha nishati, hurithiwa kwa mama, kwa hiyo inasimulia ukoo wa akina mama tu. Ndiyo maana husomwa pia DNA ya kiini cha seli, inayotoka kwa wazazi wote wawili. Zote mbili zikitoa ushahidi mmoja, ni dalili nzito kwamba makundi hayo yaliacha kuzaana zamani. Santa Cruz zilikubaliana: kobe wa mashariki wana undugu wa karibu zaidi na wa kisiwa kingine, San Cristóbal, kuliko na majirani zao. Mwaka 2015 wakapewa jina lao, Chelonoidis donfaustoi, kumuenzi mlinzi wa mbuga Fausto Llerena.

Hata hivyo hakuna kiwango kinachosema tofauti zikifika kadhaa, basi ni spishi. Tangu 2021 wapo wataalamu wanaowahesabu kobe wote wa Galápagos kuwa spishi moja yenye nususpishi nyingi. Binafsi naona ubishi wa jina usicheleweshe ulinzi. Mwaka ule wa 2015 kobe wa mashariki walikadiriwa kuwa 250 hivi, na kabla ya hapo walikuwa wakijumlishwa na wenzao wa magharibi, zaidi ya 2,000, hata uchache wao usionekane.