Misingi kwanza, au uchore unachotaka?

Vijana ninaowafundisha kuchora hapa Mtwara hawaachi kuniuliza: mwalimu, nianze na misingi au nichore ninachotaka? Wengi wao wameshashinda kwenye video za simuni. Huyu kawaambia wachore maboksi mwaka mzima, yule kawaambia sanaa haina kanuni. Mimi nawaambia wachore wanachotaka, leo hii, halafu tutazame kimekwama wapi. Zoezi linatoka hapo.

Mmoja alitaka kumchora bibi yake akibangua korosho. Uso ulimtoka vizuri, na vidole pia, ambavyo huwashinda wengi. Kilichomwangusha ni beseni. Mdomo wa beseni aliuchora duara kamili, kana kwamba anauangalia kutokea darini, huku kitako kakinyoosha kwa rula. Korosho zikaonekana zinataka kumwagika mapajani kwa bibi. Nikampa ndoo. Iweke sakafuni, utazame mdomo wake: umepanuka. Ipandishe juu ya kiti, unakuwa mwembamba. Ifikishe usawa wa macho, unabaki mstari mtupu. Na hata ukiwa mwembamba namna gani, pembeni unajikunja tu, hauna kona. Wanaoanza karibu wote huchonga ncha mbili kali pale, kama mtumbwi. Kijana alijaza ukurasa mzima wa ndoo bila kunung'unika, kwa kuwa alijua anazichorea nini. Mpe zoezi hilohilo mtu asiye na picha yoyote kichwani, atachora mbili tatu kisha arudi kwenye simu.

Wale wa "sanaa haina kanuni" hupenda kunitolea mfano wa vinyago vya Wamakonde, hasa vile vya shetani, mtindo unaohusishwa na mchongaji Samaki Likankoa tangu miaka ya 1950. Jicho moja, sikio limetokea begani, mguu umegeuka mkono. Ni kweli, uhuru wa kuwazia hauzidi pale. Lakini nenda ukakae na mchongaji akiwa kazini. Mpingo ni mgumu, tena mzito hadi unazama majini, na ukikosea pigo la tezo hakuna kufuta. Chini ya gome kuna tabaka jeupe, weusi uko ndani, kwa hiyo inabidi aamue mapema kama ule weupe atauondoa wote au atauachia sehemu. Na huyo shetani wa mguu mmoja lazima asimame mezani kweli, si kwa kuegemezwa. Kichwa kikizidi kwenda mbele ya unyayo, kinyago kinaanguka na mteja anapita. Nani atasema hapo hakuna kanuni?

George Lilanga, mtoto wa huku kusini aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki 2005, alichonga kwanza, uchoraji ukafuata. Viumbe wake wana masikio makubwa na midomo minene, wamebanana turubai zima, na uwiano wa mwili wa binadamu kautupa kabisa. Ila fuata kwa kidole mstari unaozunguka kila umbo: hausitisiti. Mimi naona mkono wa mchongaji pale, ingawa najua wapo watakaonibishia.

Kwa hiyo darasani picha anayoitaka mwanafunzi ndiyo inachukua muda mwingi, zoezi si zaidi ya nusu saa. Misuli na mifupa naiweka mbali sana, kwa sababu inawatisha watu bure. Ninachokazania mapema ni mwanga na kivuli, na hapo jua letu lina masharti yake. Saa sita mchana, hasa miezi ya mwisho wa mwaka, liko utosini. Kivuli kinajificha miguuni, macho yanageuka mashimo meusi, na ukuta wa nyumba ya mji mkongwe wa Mikindani unaonekana bapa hata ukiwa na nakshi mlangoni. Nenda saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni, ukae upande ambao jua linakuja kwa ubavu. Penseli moja laini inatosha, na mkaa wa jikoni nao unafaa.