Hector Pieterson hakuwa wa kwanza kuuawa Soweto

Kila Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, picha ileile husambaa: Mbuyisa Makhubo amembeba Hector Pieterson aliyepigwa risasi, dada yake Hector, Antoinette, akikimbia kando huku analia. Wengi huandika chini yake kwamba huyo ndiye mwanafunzi wa kwanza kuuawa na polisi wa makaburu siku ile ya mwaka 1976 huko Soweto, Afrika Kusini.

Leo inaaminika kwamba aliyetangulia kupigwa risasi ni Hastings Ndlovu, mwanafunzi wa miaka 15, aliyefia hospitali ya Baragwanath. Kilichowatofautisha ni kamera. Hector alipoanguka, mpiga picha Sam Nzima alikuwa karibu; Hastings hakupata picha kama hiyo, na jina lake likafifia. Inauma, kwa sababu wote wawili walikuwa watoto waliotoka kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, lugha ya makaburu.

Kumrudishia Hastings nafasi yake hakumpunguzii Hector chochote. Andika kwamba Hector alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuawa, na Hastings umtaje kwa jina. Tena usiishie kwao: mauaji yalienea hadi miji mingine, yakaendelea kwa miezi.