Mtaa wa Sokoni Mwanjelwa: Kibao cha Namba Kinasema Nini, na Fremu Yako Inapatikanaje

"Mama, nimefika. Uko wapi?"

"Nipo hapa hapa sokoni, mwanangu. Njoo mpaka kwenye mashine ya kukoboa."

"Mashine ipi, mama? Huku naziona tatu."

Mazungumzo ya aina hii ukikaa Mwanjelwa asubuhi moja utayasikia mpaka uchoke. Bodaboda anazunguka na kiroba cha mchele wa Usangu, salio linaisha, mteja naye anaanza kuuliza bei kwa jirani. Kazi yangu ni mipango miji na ramani hapa Mbeya, na kila nikiwaambia wafanyabiashara kwamba nyumba wanazopanga zina anwani kamili, wengi hunicheka. Anwani ipo. Shida ni kwamba imechanganywa na namba nyingine, na hata ikijulikana, kwenye mtaa wa sokoni haitoshi yenyewe.

Tuanze na kibao. Februari 2022 ilizinduliwa Operesheni ya Anwani za Makazi, miezi michache kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23 mwaka huohuo. Vijana walipita nyumba kwa nyumba na simu zao, barabara zikapewa majina, nyumba zikapewa namba. Wengine walifungiwa vibao, wengine walichorewa kwa rangi ukutani. Kwa kuwa sensa ilifuata papo kwa papo, watu walidhani zile ni namba za sensa, na sensa ilipokwisha mwenye nyumba akapaka rangi mpya juu yake bila wasiwasi. Zile hazikuwa za sensa. Ndiyo anwani yako, na bado ipo kwenye mfumo hata kama ukutani haionekani. Ukiwa na programu ya NaPA, ile ya mfumo huo wa anwani za makazi, kwenye simu unaweza kuitafuta.

Anwani hiyo ina namba ya nyumba, jina la barabara na postikodi. Postikodi ina tarakimu tano: ya kwanza ni kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, mbili za mwisho kata. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaanzia na 5. Mbeya ni 53, Iringa 51, Njombe 59. Basi, hilo limekwisha. Postikodi inakufikisha kwenye kata, haikufikishi mlangoni, na anayekuandikia postikodi peke yake hajakuambia chochote cha kumfikia.

Palipo na vurugu ni kwenye namba. Mtu mmoja ana namba nne na zote anaziita "namba ya nyumba". Ipo namba ya kiwanja na kitalu, ile iliyoko kwenye hati na kwenye ramani ya mipango miji. Hiyo ni ya ardhi, hata kama juu yake hakuna kibanda. Mbeya tuna mchezo wa ajabu na hivi vitalu: Block T na Block Q ni vitalu vya wapima ardhi, leo ni majina ya maeneo na konda wa daladala anayaita kama kawaida. Kisha ipo namba ya mita ya LUKU, inayofuata mita. Ipo na S.L.P., ambayo ni sanduku lililoko posta, na ukimpa bodaboda atakwenda kweli posta. Ya nne ndiyo ya kibao, na ndiyo pekee inayofuata mpangilio wa barabara: upande mmoja witiri, ng'ambo shufwa, zikipanda kadiri unavyosonga mbele. Ukisimama mbele ya nyumba namba 14 na unatafuta 21, hutakiwi kumuuliza mtu. Vuka barabara, endelea mbele.

Sasa, hayo yote yanafaa Forest au Uzunguni, ambako nyumba moja ni familia moja na geti moja. Njoo huku sokoni uone. Jengo moja lina namba moja, lakini mbele lina fremu nane, ubavuni tatu, na nyuma kupitia uchochoroni kuna godauni la viazi ambalo mwenye mali ya Uporoto analijua na mgeni halijui. Wote hao kumi na wawili wana anwani ileile. Huyu anauza vitenge, yule pembejeo, wa mwisho ana mashine ya kusaga. Mzigo wa lumbesa ukishushwa alfajiri kwa "namba 14", mlango upi?

Ushauri wangu ni kwamba wapangaji wa jengo moja wakae na mwenye nyumba, wahesabu fremu kuanzia kushoto ukiwa umelitazama jengo kutoka barabarani, na kila mmoja achore namba ya fremu yake juu ya mlango. Ya ubavuni iendelee na hesabu ileile. Godauni lipewe namba ya mwisho, na kwenye uchochoro paandikwe namba hiyo na mshale. Kopo dogo la rangi linatosha jengo zima. Kwenye bango na kwenye risiti utaandika namba ya nyumba, fremu, barabara, kata. Serikali haijakupa namba ya fremu, hiyo ni yenu wenyewe, kwa hiyo msiiandike mahali pa namba ya nyumba.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ya moto. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, la SIDO mwaka 2017, na kila mfanyabiashara wa hapa ana la kusimulia. Namba ya zimamoto ni 114. Ukipiga, sema namba ya nyumba na barabara kwanza, halafu sema gari kubwa linaingilia wapi. Kwenye mtaa wa sokoni hayo ni mambo mawili tofauti. Kibao kinaweza kuwa upande ambao saa nne asubuhi umejaa meza za machinga na mikokoteni, wakati nyuma kuna njia ya malori iliyo wazi. Hilo hakuna ramani itakayokuambia, wewe uliyepo ndiye unayelijua. Kaeni mliongee kabla, si siku ya moshi.

Na alama za kuelekezea mzichague kwa akili. "Mkabala na" si mbaya, mimi mwenyewe naitumia, ila angalia mkabala na nini. Barabara kuu ya TANZAM inapanuliwa kuwa njia nne, kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi, na vibanda na miti mingi iliyokuwa maelekezo ya watu imeondoka. Elekeza kwa kituo cha Kabwe au Mafiati, kisha taja barabara na namba.

Jambo jingine linalowasumbua wapangaji wapya ni barua ya utambulisho, ile ya benki au mkopo. Barabara moja inaweza kupita katika mitaa miwili ya utawala, kwa hiyo jirani yako wa ng'ambo anaweza kuwa na mwenyekiti mwingine kabisa. Mwenyekiti huchaguliwa na wakazi, mara ya mwisho ilikuwa Novemba 27, 2024. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa, na muhuri uko ofisini. Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama, atakufahamu na pengine atakusindikiza, lakini barua ya serikali ya mtaa hutoka ofisi ya mtaa.

Kwa mwenye nyumba anayekarabati: ng'oa kibao kabla fundi hajaanza kupiga plasta, ukiweke ndani, ukirudishe pale pale. Kama nyumba ni ya kona na sasa mlango mkubwa unauhamishia barabara ya pili, pita kwa mtendaji kwanza. Nyumba ya kona ina anwani ya barabara moja tu, na usipomwambia, wageni wako wataendelea kupelekwa kwenye ukuta usio na mlango.