Je, wajua kwa nini mkondo unaomvuta muogeleaji lazima uhesabiwe tabaka kwa tabaka?

Kusi likishika, mawimbi hufika kwenye mchanga wa ghuba ya Malindi yakiwa na nguvu. Popote penye fungu la mchanga utaona povu jeupe juu ya fungu, na mahali fulani kuna pengo ambapo maji yametulia. Mgeni huchagua kuogea hapohapo, na ndipo mkondo wa kutoka unapopita.

Wimbi likivunjika husukuma maji kuelekea nchi kavu na kuyapandisha. Wanasayansi Longuet-Higgins na Stewart waliueleza msukumo huo kwa hesabu miaka ya 1960. Mawimbi ya kimo cha mita 1 yanaweza kuinua maji ya ufukweni sentimita 10 hadi 20. Penye pengo, ambako kina ni kirefu na wimbi halivunjiki mapema, maji hayapandi kiasi hicho. Kwa hiyo maji hutiririka sambamba na ufuko mpaka kwenye pengo, kisha hutoka. Tofauti ya sentimita 3 tu, ukiuacha msuguano, yatosha kuyapa kasi ya mita 0.77 kwa sekunde. Mtu wa kawaida hawezi kushindana nayo kwa muda mrefu.

Modeli nyingi za kompyuta zinazokokotoa mikondo huchukua wastani wa mwendo wa maji kutoka juu hadi chini. Ndani ya pengo wastani huo hauna kosa kubwa. Tatizo liko juu ya fungu: maji ya juu yanakwenda pwani pamoja na mawimbi huku ya chini yakirudi baharini, na ukiyajumlisha unapata karibu sifuri. Modeli itakuambia pametulia, ilhali mchanga unahamishwa huko chini. Mkondo wa kutoka nao, ukishapita mstari wa povu, hubaki na nguvu juu na kudhoofika chini. Ndiyo maana humpeleka mtu mbali na ufuko bila kumzamisha. Kinachomzamisha ni kuchoka na hofu.

Kazi ya kuunda modeli ya matabaka huanza na vipimo vya kina. Sehemu ya nje hupimwa kwa boti maji yakijaa, na fungu hupimwa kwa miguu na GPS wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuunganisha ramani ya baharini, ambayo kina chake huhesabiwa kutoka kwenye maji ya kupwa, na vipimo vya nchi kavu vinavyoanzia usawa wa wastani wa bahari. Tofauti yake ni zaidi ya mita moja, na fungu zima laweza kutoweka kwenye kompyuta.

Kisha programu mbili hufanya kazi pamoja. SWAN, iliyotengenezwa Delft, Uholanzi, hukokotoa kimo, mwelekeo na uvunjikaji wa mawimbi. ROMS hukokotoa mikondo katika matabaka, tuseme 10, yanayobanana kina kinapopungua. Pengo la upana wa mita 40 linataka bahari igawanywe katika miraba yenye upande usiozidi mita 5. Kwenye kina cha mita 10, badiliko la usawa wa maji husafiri karibu mita 10 kwa sekunde, kwa hiyo hatua ya muda (muda kati ya hesabu moja na inayofuata) ya sehemu hiyo lazima iwe chini ya nusu sekunde. Ukipunguza upande wa mraba kwa nusu, kazi huongezeka mara 8.

Msukumo wa wimbi linalovunjika uwekwe karibu na uso. Ukiusambaza sawasawa hadi chini, mkondo wa chini hupotea na matabaka yako 10 hayana faida. Milinganyo yenyewe ya kuunganisha mawimbi na mikondo pia ichaguliwe kwa uangalifu: mwaka 2008 mtafiti Ardhuin na wenzake walionyesha kwamba ile ya mtafiti Mellor ya 2003 huzua mikondo isiyokuwepo mahali sakafu ya bahari inapoinama. Na mikondo irudishwe kwa SWAN kila baada ya dakika chache, maana mkondo unaotoka hukutana na mawimbi yanayoingia, nayo huinuka na kuvunjika pengoni na kuupunguza. Usipofanya hivyo utapata mkondo mkali mno, unaofika mbali kuliko ule halisi.

Matokeo hulinganishwa na maboya madogo yenye GPS, ingawa hayo huonyesha maji ya juu tu. Chini huwekwa kipimamkondo cha sauti. Katika fukwe kadhaa zilizopimwa hivyo, maboya mengi yalizunguka na kurudi ndani ya eneo la mawimbi.

Kwa Malindi kuna jambo la ziada: mto Sabaki. Mvua zikijaa bara, mto humwaga mchanga na tope kaskazini mwa mji, na maji yake matamu, yakiwa mepesi, huelea juu ya ya chumvi. Chumvi basi iingizwe katika hesabu ya matabaka, na baada ya mafuriko fungu lipimwe upya, la sivyo kompyuta itachora mkondo mahali pengo lilipokuwa kabla ya mvua.