Je, wajua? Maikrowevu haina mionzi ya nyuklia, karabai ya zamani ndo inaweza kuwa nayo

Nunua maikrowevu leo, kesho atatokea shangazi wa kukwambia hiyo kitu inaleta kansa, usisimame mbele yake ikiwa inazunguka, na chakula kikitoka humo kikae kwanza mionzi iishe ndo ule. Halafu shangazi huyohuyo analala na simu chini ya mto. Sasa hivi vitu kweli vinatoa mionzi? Ndio vinatoa, vyote, mpaka balbu na pasi. Kinachotakiwa kuulizwa ni mionzi ya aina gani.

Iko hivi. Mwanga wa taa ni mionzi, joto la pasi ni mionzi, mawimbi ya redio ni mionzi, eksirei ya hospitali nayo ni mionzi, zote ni ukoo mmoja, zinapishana kwenye nguvu inayobebwa na kila chembe yake. Ili mionzi ivunje vitu ndani ya mwili kwa namna ile tunayoiogopa inabidi chembe moja peke yake iweze kung'oa elektroni kwenye atomu, na hapo kuna kiwango, kama elektronivolti 10 hivi (elektronivolti ni kipimo kidogo sana cha nguvu), chini yake haing'oi. Chukulia unaangua embe kwa kurusha: jiwe moja likilenga embe linadondoka, lakini ukirusha punje za mchanga moja moja, hata umalize lori zima, embe liko palepale linakuangalia. Chembe ya maikrowevu ina kama elektronivolti 0.00001 tu, wakati ya mwanga wa kawaida wa balbu ina karibu 2, yaani balbu ya sebuleni inakurushia vitu vyenye nguvu karibu mara laki mbili kuliko maikrowevu na sijaona mtu anaikimbia. Hata mkaa uliokolea unatoa mionzi yenye chembe kali kuliko maikrowevu, ingawa kinachoua watu waliojifungia chumbani na jiko la mkaa ni gesi ya kaboni monoksaidi, mionzi haihusiki kabisa. Ile inayokaribia mpaka ni mionzi ya urujuanimno ya jua, hiyo inaharibu ngozi kweli na ndo maana ndugu zetu wenye ualbino wanapata saratani ya ngozi mapema.

Sasa maikrowevu inapikaje kama ni dhaifu hivyo? Kwa wingi. Ndani kuna kifaa cha kutengeneza mawimbi kinaitwa magnetroni, kilikuwa cha rada za vita, na mwaka 1945 fundi wa kampuni ya Raytheon huko Marekani, Percy Spencer, alikuwa karibu na magnetroni inayofanya kazi akakuta peremende ya mfukoni imeyeyuka. Miaka miwili baadaye wakatoa jiko la kwanza, lina urefu wa mtu na uzito wa kilo 340 hivi, hebu fikiria kulipandisha ghorofani. Mawimbi yake yanatikisa molekuli za maji kwenye chakula, zikitikisika zinapata joto, basi. Ukifungua mlango swichi zinakata umeme na mawimbi yanaisha hapohapo, hamna kinachobaki kwenye ubwabwa wako cha kusubiri kiishe. Kama unasubiri, subiri upoe.

Na ile wavu ya chuma yenye vitundu kwenye kioo haikuwekwa kwa urembo. Wimbi la maikrowevu lina urefu wa sentimita 12 hivi, vitundu vina milimita moja au mbili, halipenyi, ila mwanga ambao mawimbi yake ni madogo mno unapita na wewe unaona chakula kinavyozunguka. Kidogo kinavuja pembeni ya mlango, sheria ya Marekani inaruhusu kisizidi miliwati 5 kwa kila sentimita mraba ukipima sentimita 5 kutoka kwenye jiko, na ukirudi nyuma hatua moja kinapungua sana. Ila mlango ukipinda au kioo kikipasuka usiendelee kuitumia, hapo mawimbi yanaweza kukuunguza kwelikweli, macho hasa. Na kuna ule mchezo wa kuweka simu ndani ya maikrowevu (imezimwa jamani!) ukaipigia, ikiita watu wanasema umeona, inavuja. Simu inaweza kuita kwa mtandao dhaifu kupita kiasi, kwa hiyo kuita kwake hakukwambii kama jiko ni hatari. Hatari inayojulikana zaidi kwa mafundi ni kapasita ya ndani, kidude cha kutunza umeme, ina volti kama 2,000 na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi, mtu wa kujifunzia ufundi asiiguse.

Waifai inatumia karibu masafa yaleyale ya maikrowevu, gigahezi 2.4, ndo maana ukipasha chakula intaneti inaweza kukwamakwama. Lakini jiko lina wati 800 zimefungiwa kwenye boksi, rauta ina kama wati 0.1 inazitawanya nyumba nzima. Kuhusu simu, mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka mawimbi ya redio kwenye kundi la "huenda yakasababisha saratani", kundi ambalo baadaye wakaiweka humo hata aloevera iliyokamuliwa jani zima, ujue uzito wake. Na uchambuzi ulioagizwa na WHO uliotoka 2024 haukuona uhusiano wa simu na saratani ya ubongo.

TV za chogo zilikuwa na kesi yake. Zile zilikuwa zinarusha elektroni kwenye kioo kwa maelfu ya volti, na hapo eksirei kidogo inazaliwa kweli. Mwaka 1967 General Electric ilikuta TV zake za rangi zinatoa eksirei kupita kiwango, mwaka uliofuata Marekani wakatunga sheria, na vioo vikawa vinatengenezwa kwa kuchanganya madini ya kuzuia eksirei kama risasi. Kwa hiyo wazazi waliokuwa wanafukuza watoto mbele ya TV hawakuwa wanaota. Hizi bapa za siku hizi hazina kabisa hiyo habari.

Sasa nyuklia yenyewe, yaani mionzi inayotoka ndani kabisa ya atomu. Vile vidude vya kunusa moshi vinavyobandikwa darini, baadhi vina amerisiamu, kama mikrogramu 0.3, sehemu kubwa ya mionzi yake haipiti hata karatasi, usikivunje tu. Wewe mwenyewe una potasiamu mwilini na kila sekunde zaidi ya atomu 4,000 zinapasuka ndani yako, hivyo unayelala naye anakupiga mionzi kidogo. Ardhi inatoa gesi ya radoni, na ukijumlisha vya asili vyote mtu wa kawaida duniani anapata kama milisiveti 2.4 kwa mwaka (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili). Kuna sehemu imezidi, kama kilima cha Mrima kule Kwale, Kenya, ambako udongo una thoriamu nyingi, metali yenye mionzi ya nyuklia.

Na thoriamu hiyohiyo ndo iko kwenye karabai. Kile kisoksi cheupe kinachowaka mwanga mkali, tangu enzi za Mwaustria Carl Auer von Welsbach mwishoni mwa karne ya 19, kilikuwa kinatengenezwa kwa thoriamu karibu asilimia 99. Watengenezaji wengi wamehamia itriamu ambayo haina mionzi, na wavuvi wengi wa dagaa wamehamia taa za sola, lakini vya zamani vipo bado stoo. Taa ikiwaka mezani haina shida kubwa, shida ni kisoksi kikichakaa kinakuwa jivu na ile vumbi ukiivuta inaingia kwenye mapafu. Kibadilishie nje, usipulize, loanisha jivu kwanza, tia kwenye mfuko funga, na unawe mikono kabla hujashika chakula.